Daktari Anajibu: Malengelenge ya Miguu kwa Wanaofanya Mazoezi

Kila msimu wa mbio za Februari mjini Moshi unapokaribia, barua zinazofika kwenye safu hii huwa na swali moja kuliko mengine yote, nalo ni la malengelenge ya miguuni. Nimechagua barua tano na kuzifupisha pale zilipokuwa ndefu. Ambaye hataliona swali lake alisome kwa makini jibu la kwanza, kwa sababu mengi ya yale yanayofuata yanatokana nalo.

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mkazi wa Dar es Salaam na ninajiandaa kukimbia nusu marathoni huko Moshi. Kila nikipita kilomita kumi na mbili hivi, napata malengelenge katikati ya wayo na pembeni mwa kidole gumba. Wenzangu wa klabu wanasema ngozi yangu ni laini, kwa hiyo nipake spiriti kila jioni na kuendelea kukimbia mpaka iwe ngumu. Raba zangu ni za mtumba lakini bado ni nzima. Je, ni kweli kwamba ngozi huzoea?

Jibu: Marahaba. Ngozi huzoea, ila si kwa njia wanayokuelekeza wenzako, na ningependa uelewe kwanza lengelenge hutokeaje ili ujue ni ushauri upi wa kuufuata.

Watu wengi hudhani kwamba lengelenge ni ngozi iliyokwaruzwa na kiatu kutoka nje. Mkwaruzo wa nje huacha mchubuko. Lengelenge huanzia ndani. Unapokanyaga, mfupa husogea mbele na nyuma ndani ya mguu, ilhali ngozi ya nje imeng'ang'aniwa na soksi, na soksi nayo imeng'ang'aniwa na kiatu. Matabaka yaliyo katikati ya mfupa na soksi ndiyo yanayovutwa huku na huku. Katika nusu marathoni, mguu mmoja hukanyaga karibu mara elfu kumi, na mvuto huo ukirudiwa kiasi hicho, tabaka la chembe hai lililo ndani ya ngozi ya juu huchanika, kisha mwanya uliobaki hujaa majimaji yanayopenya kutoka chini. Ndiyo sababu malengelenge ya mazoezi huwapata watu kwenye nyayo, visigino na viganja, ambako ngozi ya nje ni nene na imeshikiliwa imara. Ngozi ya tumbo ni laini zaidi, lakini haipati ugonjwa huu, kwa kuwa inaposukumwa hufuata msukumo.

Kwa hiyo ulaini wa ngozi yako si tatizo. Maswali ya kujiuliza ni mawili: mguu wako unatembea kiasi gani ndani ya kiatu, na ngozi yako inanata kiasi gani kwenye soksi.

Tuanze na kiatu. Sina neno baya juu ya mtumba, maana wakimbiaji wengi wa nchi hii wasingekimbia kama si mtumba, lakini raba iliyovaliwa na mtu mwingine imekwisha kujikunja kwa kufuata mguu wake. Toa soli ya ndani uitazame. Ukikuta mashimo ya vidole ambayo hayalingani na vidole vyako, au ukingo ulioinuka mahali pale pale unapopata lengelenge katikati ya wayo, jibu umelipata, na kubadilisha soli ya ndani peke yake huenda kukatosha. Ingiza pia mkono nyuma, penye kisigino, usikilizie kama kitambaa kimetoboka au kama ukuta wa kisigino umelegea. Kisha iweke raba mezani na uitazame kwa nyuma. Ikiwa imelala upande mmoja, mguu wako utakuwa ukiteleza kuelekea upande huo kwa kilomita zote ishirini na moja. Utakapokwenda kununua nyingine, nenda jioni, wakati miguu imevimba kidogo kama inavyovimba mbioni, na uvae soksi zile zile za kukimbilia. Nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono mbele ya kidole kirefu cha mguu inatosha. Kiatu kikubwa zaidi ya hapo huumiza sawa na kinachobana, kwa sababu mguu hupata nafasi ya kuteleza.

Jambo la pili ni unyevu. Ngozi kavu huteleza kirahisi, na ngozi iliyolowa chepechepe nayo huteleza. Ngozi yenye jasho la wastani ndiyo inayonata, na kwa joto la pwani hiyo ndiyo hali ya mguu wako kuanzia kilomita ya tatu. Soksi za pamba hunywa jasho na kulihifadhi kwenye ngozi. Tafuta za poliesta, nailoni au mchanganyiko wenye sufi, zinazobana mguu bila kufanya mikunjo. Hazihitaji kuwa za bei kubwa. Hata soksi za mpira wa miguu zinazouzwa sokoni, zikiwa za nailoni na zinakutosha sawasawa, ni bora kuliko za pamba.

Mafuta ya mgando yanasaidia kwa muda. Hupunguza msuguano mwanzoni, lakini baada ya saa chache hali hugeuka na msuguano unaweza kupanda kuliko ulivyokuwa kabla ya kupaka. Kwa mbio za saa mbili au mbili na nusu unaweza kuyatumia. Kwa kutembea kutwa nzima sikushauri. Dawa za kuzuia jasho pia zimejaribiwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1998, uliofanywa kwa wanafunzi wa chuo cha kijeshi cha West Point huko Marekani, waliopaka dawa kali ya alumini kwa usiku usiopungua mitatu kabla ya matembezi ya kilomita 21 walipata malengelenge kwa asilimia 21, wakati waliopaka dawa isiyo na kitu walifika asilimia 48. Faida hiyo ni kubwa, lakini zaidi ya nusu ya waliopaka dawa yenyewe waliwashwa na ngozi. Binafsi ningeichukua kuwa njia ya mwisho.

Ninachokipendelea ni plasta ya karatasi, ile nyembamba ya rangi nyeupe ambayo wauguzi huitumia kushikizia bandeji na ambayo hupatikana katika maduka mengi ya dawa kwa bei ndogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwafuatilia wakimbiaji 128 katika mbio za siku kadhaa zenye urefu wa kilomita 250, na plasta hiyo ilipunguza malengelenge kwa takribani asilimia 40. Ibandike kabla ya kuvaa soksi, juu ya ngozi safi na kavu isiyo na mafuta, mahali pale tu unapojua kwamba huumia. Kata pembe zake ziwe za mviringo ili zisibanduke, na hakikisha haina mkunjo hata mmoja, kwa kuwa mkunjo wa plasta wenyewe huzaa lengelenge.

Kuhusu spiriti, hukausha ngozi na kuipasua, na ngozi iliyopasuka ni mlango wa vijidudu. Ngozi hujengeka kwa kuongezewa kazi kidogo kidogo, wiki baada ya wiki, bila kuchanika. Abebe Bikila wa Ethiopia aliposhinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 bila viatu, kwa saa 2:15:16, alikuwa amezoea kufanya mazoezi peku. Nyayo za namna ile hazipatikani kwa chupa ya spiriti miezi miwili kabla ya mbio. Na hata sugu ina mpaka wake: ikiwa nene mno, lengelenge hujificha chini yake na linakuwa gumu kulitibu, kwa hiyo isugue kwa jiwe la miguu baada ya kuoga, kiasi cha kuilainisha tu bila kuimaliza.

Swali: Daktari, binti yangu yuko kidato cha pili na anacheza netiboli. Akirudi na lengelenge kisiginoni, bibi yake hupitisha sindano yenye uzi katikati na kuuacha uzi humo mpaka asubuhi ili maji yatoke. Mwalimu wa michezo naye anamwambia asiliguse kabisa. Nimfuate nani? Mama wa Tanga.

Jibu: Mama, mpelekee bibi salamu zangu, na umweleze kwa upole kwamba shabaha yake ni sahihi lakini uzi ndio unaoharibu. Uzi ulioachwa ndani ya lengelenge ni njia iliyo wazi usiku kucha, na vijidudu vya kwenye ngozi na kwenye shuka huufuata hadi kwenye nyama mbichi. Mwalimu naye ana haki kwa malengelenge mengi, ingawa si kwa yote.

Lengelenge dogo lisilouma, au lililo mahali pasipokanyagwa, liachwe lilivyo. Ile ngozi ya juu ndiyo bandeji bora kuliko yoyote ya dukani. Chini yake chembe mpya huanza kuongezeka ndani ya siku ya kwanza, na kufikia siku ya tano hivi tabaka jipya la nje huwa limekwisha kujengeka. Majimaji nayo hunywewa na mwili yenyewe. Mfunike kwa plasta na umwachie avae ndala au kiatu kilicho wazi nyuma.

Lengelenge kubwa, lililojaa na kuvimba, linalomfanya achechemee, ni bora litolewe maji kwa utaratibu kuliko kupasuka lenyewe ndani ya kiatu chenye vumbi la uwanjani. Nawa mikono na uoshe mguu wake kwa maji na sabuni. Tumia sindano mpya ya hospitali, ile inayouzwa ndani ya pakiti iliyofungwa. Sindano ya kushonea iliyopitishwa kwenye moto wa kiberiti huacha masizi, na ni vigumu kujua kama imepata moto wa kutosha. Toboa matundu mawili au matatu madogo pembezoni, upande wa chini, kisha kandamiza taratibu kwa shashi safi mpaka maji yaishe. Ngozi ya juu iache ilale mahali pake, usiikate wala kuivuta. Lengelenge likijaa tena, kama inavyotokea mara nyingi katika saa 24 za kwanza, rudia zoezi hilo kwa usafi ule ule, kwa kuwa ngozi iliyokandamizwa mapema hushikana na iliyo chini yake na maumivu hupungua haraka. Paka mafuta ya mgando kidogo, weka shashi isiyonata, funga, na ubadilishe kila siku au kila inapolowa. Naomba pia jambo hili lifike kwa mwalimu: sindano moja isitumike kwa wachezaji wawili, hata kama ni dada wa tumbo moja, kwa sababu virusi vya homa ya ini na vya UKIMWI husafiri kwa njia hiyo.

Ikiwa ngozi ya juu imekwisha kubanduka, osha kidonda kwa maji safi na sabuni, kata kwa mkasi safi vipande vilivyochafuka tu, kisha paka mafuta ya mgando na ufunike. Spiriti na iodini zisimwagwe juu ya nyama mbichi. Zinaunguza chembe zile zile zinazojaribu kufunga kidonda. Majivu, chumvi na dawa ya meno havina kazi hapo. Lengelenge lenye damu lisitobolewe nyumbani, kwa kuwa mpasuko wake umeingia chini zaidi.

Hayo yote ni ya lengelenge safi. Vitabu vya tiba husema utazame wekundu unaosambaa, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo tumia kiganja: eneo likiwa la moto kuliko mguu wa pili, likivimba na kung'aa, maumivu yakizidi siku ya pili badala ya kupungua, majimaji yakigeuka usaha, au ukihisi mtoki kinenani, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Homa ikiwepo usisubiri kuche. Mwaka 1924 Calvin Coolidge mdogo, mtoto wa rais wa Marekani mwenye umri wa miaka 16, alicheza tenisi kwa viatu bila soksi, akapata lengelenge kwenye kidole cha mguu, vijidudu vikaingia katika damu, na baada ya wiki moja akafariki. Wakati huo hapakuwa na antibiotiki. Leo zipo, lakini hufanya kazi yake vizuri zaidi mgonjwa akiwahi. Uulize pia kama chanjo yake ya pepopunda bado ina nguvu.

Swali: Sisi ni kikundi cha wafanyakazi wa Nairobi. Kila Jumamosi tunatembea vilima vya Ngong kwa raba, na tumepanga kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame. Buti tutakodi Moshi. Mmoja wetu anasema tuvae soksi mbili mbili. Je, kuna ubaya?

Jibu: Ubaya haumo katika soksi, umo katika buti za kukodi mtakazozivaa kwa mara ya kwanza siku mnayoanza kupanda. Kati ya vitu vyote vya safari hiyo, koti, fimbo na begi la kulalia mnaweza kukodi bila wasiwasi. Buti anayeweza anunue au aazime mapema, azivae Ngong kwa Jumamosi nyingi, kwanza kwa saa moja, kisha kwa kutwa. Kwa asiyeweza, afike Moshi siku moja au mbili kabla, ajaribu jozi kadhaa akiwa na soksi zake, na ashuke nazo ngazi mara nyingi. Vidole vikigonga mbele kwenye ngazi za hoteli, mlimani vitagonga vibaya zaidi.

Kupanda na kushuka huumiza mahali tofauti. Mnapopanda, kisigino huinuka na kushuka ndani ya buti, na hapo ndipo lengelenge hutokea. Fungeni kamba kwa nguvu kwenye kifundo, na mtumie matundu mawili ya juu kutengeneza kitanzi kila upande, kisha mpitishe kamba ya upande mmoja ndani ya kitanzi cha upande wa pili kabla ya kuvuta na kufunga. Kisigino kitatulia. Mnaposhuka, mzigo wote huenda kwenye vidole. Kutoka kileleni, mita 5,895, hadi lango la Mweka, ambako wanaopanda kwa njia ya Machame hushukia, ni mteremko wa zaidi ya mita 4,000 ndani ya siku mbili tu, na wengi waliopanda bila shida hufika langoni wakichechemea. Kateni kucha siku kadhaa kabla ya safari, zikiwa fupi na zilizonyooka, na kabla ya kuanza kushuka mfungue kamba zote na kuzifunga upya mkiwa mmegonga kisigino chini ili mguu urudi nyuma.

Soksi mbili ni wazo zuri, kwa sharti kwamba ya ndani iwe nyembamba, laini, isiyo ya pamba, na ya nje iwe nene. Kuteleza hutokea kati ya soksi na soksi, na ngozi hupona. Lakini buti lazima iwe na nafasi ya kuzipokea. Soksi mbili ndani ya buti linalobana huongeza joto na msukumo, na matokeo yake ni mabaya kuliko soksi moja. Fikeni kambini, vueni, kausheni miguu, na mlale na soksi kavu ambazo hazitembelewi kamwe.

Kuna jambo ambalo watu hulijua na hawalifanyi kwa kuona haya mbele ya wenzao. Kabla lengelenge halijatokea, mahali pale hupata joto na mchomo mdogo. Hapo ndipo pa kusimama, hata kama kiongozi ndiyo kwanza ameondoka na wapagazi wamekwisha pita. Vua buti, kung'uta mchanga, kausha ngozi, bandika plasta ya karatasi, vaa, endelea. Ni kazi ya dakika tano. Msimamo wa waongoza wageni wa kwenda pole pole huelezwa kwa habari ya mapafu na kichwa, lakini miguu nayo hunufaika, na anayesimama kwa dakika tano huwapata wenzake bila kukimbia.

Swali: Baba yangu ana kisukari na daktari wake wa Mombasa amemwambia atembee kila jioni. Juzi tumeona lengelenge chini ya mguu wake, naye anasema hata halimuumi. Tulitoboe?

Jibu: Hapana, msilitoboe, na mpelekeni kliniki leo. Kutokuuma ndiko kunakonitia wasiwasi. Kisukari cha muda mrefu hudhoofisha neva za miguu na mzunguko wa damu, na mzee anaweza kutembea na jiwe ndani ya kiatu jioni nzima bila kulihisi. Lengelenge ambalo kwa kijana hupona ndani ya wiki linaweza kwake kuwa kidonda cha miezi, na vidonda vya namna hiyo ndivyo huishia kwenye kukatwa vidole au mguu.

Kidonda kikipona, aendelee kutembea, kwa kuwa daktari wake alimshauri vyema, ila kwa masharti. Avae kiatu kilichofungwa chenye nafasi ya vidole, na soksi zisizo na mshono mnene. Kabla ya kuvaa, aingize mkono ndani ya kiatu akipapase. Kila usiku mtu wa nyumbani amtazame nyayo na katikati ya vidole, au ajitazame mwenyewe kwa kioo kilichowekwa sakafuni. Peku asitembee, hata ufukweni, hata ndani ya nyumba.

Swali: Nina lengelenge kubwa na mbio ni baada ya wiki moja. Niache mazoezi au nijikaze?

Jibu: Acha kukimbia kwa siku mbili au tatu, usiache mazoezi. Endesha baiskeli, ogelea ikiwa ngozi haijafunguka, fanya mazoezi ya tumbo na mgongo. Kujikaza na lengelenge hubadilisha mkanyago bila mwenyewe kujua, na nimewapokea wakimbiaji wengi walioingia mbioni na lengelenge wakatoka na goti. Litibu kama nilivyomweleza mama wa Tanga. Siku ya nne jaribu kilomita tatu za taratibu ukiwa umelizungushia sponji nyembamba iliyokatwa kama pete, ili kiatu kiegemee pembeni badala ya juu yake, na juu ya pete hiyo ubandike plasta. Ukimaliza kilomita hizo bila kubadilisha mwendo, utakimbia siku ya mbio. Ukijikuta unakanyagia ukingo wa mguu, jiandikishe kwa umbali mfupi zaidi, kama waandaaji wanaruhusu, na raba mpya uliyokusudia kuivaa siku hiyo iache nyumbani.